Ngozi ya Samaki Katika Mkoba wa Kavindu

Saa mbili na nusu asubuhi, siku ya Alhamisi, duka la samaki wa barafu mjini Ukunda limefunguliwa lakini sakafu yake haijakauka. Kavindu Kiilu anavua ndala mlangoni, kwa mazoea ya kuingia nyumba za watu, kisha anakumbuka kuwa hili ni duka, anazivaa tena.

Anaweka mkoba juu ya kaunta. Anatoa kitu kilichofungwa kwa gazeti na kukifungua polepole. Ni kipande cha ngozi ya samaki iliyokauka, upana wa kiganja, nyeusi inayoelekea kahawia, yenye vijiba vikali kama tupa ya fundi.

"Mama Kaloki, hiyo maiti utaizika lini?" anauliza Menza, muuzaji, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Siku nitakayoacha kununua samaki asiye na kichwa," anajibu. "Nitolee katoni yangu."

Menza anacheka na kwenda nyuma. Anarudi na katoni iliyoandikwa "KAVINDU" kwa kalamu nene. Ndani yake mna vipande vya black cod, samaki wa bahari za baridi za kaskazini, aliyefika hapa akiwa ameganda kama tofali, hana kichwa wala matumbo.

Kavindu anapitisha kidole gumba juu ya ngozi ya yule mkavu, kutoka mkiani kwenda juu. Kisha anafanya hivyo hivyo kwenye kipande kilichotoka barafuni. Anarudia mara tatu. Cha barafuni ni laini, hakikwaruzi. Anasoma karatasi ya katoni, herufi kwa herufi, huku midomo ikitikisika.

"Nipimie kilo mbili."

Kilo ni shilingi elfu sita na mia mbili. Hapatani bei. Zamani alipatana, na anasema hapo ndipo alipopotea.

Kavindu ana umri wa miaka thelathini na minane. Ni mpishi wa nyumbani Diani, si wa hoteli. Amepika katika majiko ya watu kwa miaka kumi na minne, na kwa miaka sita ya mwisho nyumba yake kuu ya kazi imekuwa ya Mzee Harrison Jefwa, aliyestaafu kutoka jikoni mwa meli za abiria. Hapo analipwa elfu kumi na nane kwa mwezi. Siku mbili za juma alikuwa akipika katika nyumba nyingine mbili, elfu moja na mia tano kwa siku.

Hakuzaliwa na samaki. Alizaliwa Kikoneni, kwenye shamba la wazazi waliotoka Ukambani kutafuta ardhi. Kwao palikuwa na mahindi, kunde na mbaazi.

"Samaki wa kwanza nilimla nikiwa na miaka kumi na miwili, na mwiba ukanikwama," anasema. "Nilisema basi, hawa wa pwani wana roho ngumu, wanakula kitu chenye sindano."

Aliyemfundisha ni Mwanaima Sefu, mama mwenye miaka hamsini na miwili, mzaliwa wa Kibuyuni, anayeishi Mwabungo. Kavindu amepanga chumba kwake. Mwanaima ni mama karanga, ndivyo wanavyoitwa wanawake wanaonunua samaki kwa wavuvi, wakawakaanga na kuwauza. Amefanya hivyo kwa miaka zaidi ya ishirini.

"Alikuwa hajui jicho wala matamvua," Mwanaima anasema akimtazama mpangaji wake. "Nikamwambia, mwanangu, samaki ana uso. Muangalie usoni kama unavyomuangalia mtu anayekuja kuposa. Jicho likiwa limezama, mwache aende zake."

Kavindu alijifunza. Akajua kubonyeza tumbo, kufunua matamvua, kunusa bila kuonekana ananusa. Kwa Mzee Harrison yakawekwa makubaliano ya mdomo yanayofuatwa mpaka leo: kichwa ni cha mpishi. Kila samaki aingiaye nyumba ile, awe chewa, awe changu, kichwa chake huenda Mwabungo jioni, kikapikwa mchuzi.

Mwezi wa Agosti mwaka jana, Mzee Harrison aliwaalika watu sita aliofanya nao kazi melini. Akataka awalishe black cod, samaki waliyemzoea katika safari zao za mbali. Alimweleza Kavindu namna ya kumpika: apakwe rojo la soya lililochachushwa, lile la Wajapani linaloitwa miso, lichanganywe na sukari, alale siku mbili ndani ya friji, kisha afutwe na kuchomwa kwenye tanuri mpaka juu aive rangi ya asali.

"Aliniambia samaki huyu ana mafuta mengi, na husamehe. Hata ukimzidishia moto hakauki," anasema Kavindu. "Nikafurahi. Sijawahi kupika kitu kinachosamehe."

Alikwenda duka moja ambalo sasa limefungwa. Muuzaji alitaja elfu nne na mia tano kwa kilo. Kavindu akasema elfu tatu, akijiandaa kuvutana nusu saa. Yule bwana akasema sawa.

"Pale pale ningeshtuka. Muuza samaki akikubali kabla hujamaliza kusema, kuna jambo. Lakini nilijisifu. Nilirudi nikamwambia mzee, nimekuokolea pesa."

Vipande vilikuwa vyeupe, vizuri, ila ngozi ilimkwaruza vidole hata akachubuka. Hakuwahi kuona ngozi ya namna ile. Wala jicho la kuangalia halikuwapo.

"Angekuwa chewa wa hapa, ana ngozi ile, ningemkataa mchana kweupe. Lakini huyu alikuwa mgeni. Nikasema labda samaki wa Ulaya ndivyo walivyo. Nilimwonea haya."

Wageni walikula wakasifu. Walikula tena. Kwa kuwa hapakuwa na kichwa, Mzee Harrison alimwambia Kavindu achukue kipande cha mkia, na ngozi zote.

Kilichofuata kinasimuliwa Diani kwa namna nyingi, nyingine zimetiwa chumvi. Wageni wanne kati ya sita walishikwa na tumbo siku ya pili. Halikuwa tumbo la kawaida. Mafuta ya rangi ya machungwa yaliwatoka bila kubisha hodi, hayaumi, hayatoi taarifa. Bwana Chirau, aliyekuwa karani wa meli, yalimkuta katika foleni ya feri Likoni, amevaa suruali nyeupe.

Walipopigiana simu wakapata jibu moja. Mafuta yale, walisema, hayakuwa ya samaki. Mpishi alikuwa ametumia mafuta ya transfoma.

Uvumi huu una mizizi. Kwa miaka mingi imesemwa mitaani kuwa wapo wakaanga viazi wanaonunua mafuta yaliyoibwa kwenye transfoma za umeme, kwa sababu hayaishi upesi. Kila mtu amesikia. Kwa hiyo ilipotajwa, hakuna aliyeuliza ushahidi.

"Nilimpika kwenye tanuri," anasema Kavindu. "Sikutia hata tone. Lakini nani angesikiliza? Mafuta wameyaona kwa macho yao."

Mzee Harrison hakugomba. Alimlipa mpaka tarehe thelathini, akamwambia apumzike kidogo.

"Mtu akikuambia pumzika nawe hukuchoka, unajua umefukuzwa."

Zile nyumba mbili nyingine zikafunga mlango wiki hiyo hiyo. Kwenye kituo cha bodaboda vijana wakaanza kumwita Mama Transfoma. Akawa anafua nguo za watu, mia nne kwa siku, na jina likamfuata mpaka kwenye kamba ya kuanikia.

Jambo ambalo lingemtetea lilikuwa chumbani kwake mwenyewe, lakini lilikaa kimya siku tisa.

Ule mkia alioupeleka Mwabungo, Mwanaima aliuchemsha kwa nyanya, kitunguu na limau. Hapakuwa na mafuta ndani ya nyumba siku ile. Chupa ilikuwa imeisha. Wanawake wawili walikula pamoja, wakalala. Alfajiri kila mmoja aliamka kimyakimya, akafua kanga yake kwa siri.

"Mimi nilidhani ni maradhi yangu," anasema Mwanaima, na hapa anajifunika mdomo kwa upindo wa mtandio. "Mtu mzima kama mimi, jambo kama lile, unamwambia nani? Nikasema, ya Rabi, nisitiri."

"Nami nilimsikia anafua, nikafikiri amewahi tu kuamka," anasema Kavindu. "Na mimi nilikuwa nasubiri aondoke pale bombani."

"Siku tisa tunapishana kwenye bomba hilo, shikamoo, marahaba, hakuna anayesema."

"Bi Mwanaima, ulikuwa unanikwepa."

"Wewe ndiye uliyekuwa unatembea kama bata."

Siku ya kumi Kavindu alirudi kutoka kufua, akaketi kizingitini, akasimulia kwa mara ya kwanza kisa kizima: wageni, rangi ya machungwa, transfoma. Kabla ya hapo alikuwa amesema tu kazi imeisha. Mwanaima aliacha kuparua samaki. Kisha akauliza: "Kavindu, siku ile ya mkia, wewe ulikuwaje?"

Wote wawili wanasema walicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Halafu Mwanaima akanyanyuka na kwenda ukutani. Moja ya zile ngozi alikuwa ameipigilia misumari ikauke, kwa vile aliona inafaa kusugulia sufuria. Wakaifunga kwa gazeti, na Jumapili wakaenda nayo Kibuyuni kwa Alamin, kaka yake Mwanaima, anayevua kwa mshipi katika kina kirefu.

Alamin aliigusa kwa kidole kimoja tu. "Mumemla?" akauliza. Walipoinamisha vichwa alielewa.

Anaeleza kuwa samaki huyu anaishi chini sana, hapatikani kila mara. Nyama yake ni nyeupe na tamu, lakini mafuta yake tumbo la binadamu haliyawezi. Yanapita kama yalivyoingia. "Kwetu sisi, tukimpata, anakatiwa kijipande mtu aliyefunga choo. Kijipande. Hawa wa Diani wamekula sahani mbili mbili."

Aliyeuzwa kwa jina la black cod, basi, hakuwa black cod.

Kavindu alimpelekea Mzee Harrison ngozi ile. Mzee aliishika, akavaa miwani, akatafuta picha katika simu yake kwa muda mrefu. Black cod wa kwenye picha alikuwa na ngozi laini. Kavindu anakumbuka neno moja alilosema: "Kumbe."

Alimwambia arudi kazini Jumatatu. Alirudi. Lakini aliweka sharti.

"Nilimwambia, mzee, sitaki uniombe radhi. Si wewe uliyenipa jina. Waite wale wale sita, waketi pale pale, niwapikie samaki yule yule wa kweli. Wakila na kuondoka salama, waseme wao wenyewe. Jina walilitoa wao, walichukue wao."

Imechukua miezi saba. Mmoja alikuwa safarini, mwingine hakutaka hata kusikia. Katika muda huo zile nyumba mbili hazikumrudisha, na bodaboda hawakuacha. Mzee Harrison anakiri kuwa hakuharakisha.

"Niliona haya kuwapigia," anasema. "Mimi ndimi niliyemtuma anunue samaki asiyemjua. Nilikuwa melini miaka ishirini na saba, ningekwenda mwenyewe nikamwangalia. Nilikaa barazani na gazeti."

Jumatatu ya wiki hii, kabla ya kununua zile kilo mbili, Kavindu alinunua robo kilo kutoka katoni ile ile kwa pesa zake. Aliipika Mwabungo, akala na Mwanaima. Jumanne wakatazamana. Jumatano wakatazamana tena.

"Hakuna aliyefua," anasema Mwanaima.

Kwa hiyo sasa ni Alhamisi, saa nne, na Kavindu yuko jikoni kwa Mzee Harrison. Samaki anayeyuka taratibu kwenye rafu ya chini ya friji, si juani, si kwenye maji ya moto. Akishalainika anampangusa kwa kitambaa safi mpaka kitambaa kisishike unyevu. Anapitisha kidole juu ya nyama kutafuta miiba, anaigusa na kuiacha. Anasema ukiing'oa mbichi unararua nyama, ikiiva inatoka yenyewe kama uzi uliolegea. Anakoroga lile rojo la soya na sukari mpaka sukari isisikike kati ya vidole. Anampaka pande zote, anamfunika, anafunga friji. Kisha anafungua tena kuangalia kama amefunga vizuri.

"Leo siogopi samaki," anasema. "Naogopa watu."

Jumamosi saa saba mchana wageni wamefika, wote sita. Bwana Chirau amevaa suruali nyeusi. Anaitazama meza kabla ya kuketi.

Jikoni, Kavindu amefuta rojo lote kwa kidole ili lisiungue, amepanga vipande ngozi ikiwa chini. Dakika kumi na mbili. Haondoki mbele ya kioo cha tanuri. Juu panaanza kubadilika rangi, pembeni panakolea, na nyama inafunguka kwa tabaka nene kama kurasa za kitabu kilicholowa. Anazima.

Sahani saba zinatoka, ya Mzee Harrison ikiwamo, na mchicha na wali. Mazungumzo yanapungua. Uma zinashikwa, haziinuliwi. Mwanamke mmoja anakunywa maji.

Bwana Chirau ndiye anayesema kwanza. "Mama Kaloki, leo umeme upo?"

Ni mzaha, na si mzaha. Kavindu amesimama mlangoni, mikono imeshika aproni.

"Upo, mzee," anajibu. "Na transfoma iko juu ya nguzo yake, nimeiangalia asubuhi."

Kicheko kinaanzia upande wa yule mwanamke, kinazunguka meza. Kavindu hakai kungoja kiishe. Anarudi jikoni na kutoka na sahani ya nane, anavuta kiti, jambo ambalo hajawahi kulifanya katika nyumba hii kwa miaka sita. Anaketi. Anamega, anakula. Anamega tena.

Bwana Chirau anamtazama akitafuna mpaka akameza. Kisha anachukua uma wake.

Wanakula. Baada ya muda mtu anaomba wali zaidi, na stori za melini zinaanza. Kavindu anamaliza sahani yake, anapangusa mdomo, anaondoka kwenda kutoa matunda.

Wanapoaga, hakuna anayesema neno kuhusu Agosti. Bwana Chirau anamwambia tu, "Nitakupigia kesho." Kavindu anasema ndilo jibu alilolitaka. "Leo angesema asante ingekuwa ya bure. Asante ya samaki huyu inangoja kesho yake."

Jumapili, saa nane mchana, simu inalia Mwabungo. Kavindu anaiweka sauti ya juu ili Mwanaima asikie.

"Mama Kaloki, nimevuka feri," inasema sauti ya Bwana Chirau. "Nimevuka, nimelala, nimeamka, nimekwenda kanisani na suruali nyeupe."

"Alhamdulillahi," anasema Mwanaima kutoka kwenye karai lake.

"Yale ya mwaka jana," Bwana Chirau anaendelea. "Tulisema ovyo. Mimi ndiye niliyeanza neno la transfoma. Zile nyumba mbili ninazijua, nitawapigia leo. Unisamehe."

Kavindu anajibu kuwa amesikia. Kisha anamwomba ampigie pia kiongozi wa kituo cha bodaboda, na anamtajia namba.

Zile nyumba zikimwita, anasema, ataenda, lakini si kwa muda mrefu. Yeye na Mwanaima wamepanga kufungua jiko lao hapa uani kufikia mwezi wa Agosti, meza nne tu kwa kuanzia. Black cod hatakuwapo. Kwa bei ile, nani wa Mwabungo atamla? Watamchukua chewa kwa Alamin, wampake ukwaju na sukari guru badala ya lile rojo la Wajapani, alale usiku mmoja, achomwe huku akinyunyiziwa tui zito, kwa kuwa chewa hana mafuta ya kumtosha na hasamehi ukimsahau motoni. Wamejaribu mara tatu. Mara ya tatu, Mzee Harrison alikula mpaka akauliza ni samaki wa nchi gani.

Mwanaima anataka ile ngozi irudi ukutani ikasugue sufuria za biashara. Kavindu anakataa. Anaifunga tena kwa gazeti na kuirudisha mkobani.

Kwenye karai, chewa wa leo amelala mzima, jicho lake limejaa na linang'aa. Kavindu anainama, anamtazama usoni kwanza, kisha anachukua kisu.

"Ila kwenye jiko letu," anasema, "mteja asiniulize kichwa. Kichwa ni cha mpishi."